Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Harufu ya kamba mbichi ya mkonge ndiyo iliyotangulia. Dishon aliinusa Jumatatu asubuhi alipofungua makumbusho ya jamii pale Rusinga, chumba kimoja cha mabati, akasonya. Wavuvi hawa! Wanaleta uvundo mpaka kwenye urithi wao wenyewe. Mwaka huo wa 1994 alikuwa amesoma kozi ya wiki tatu Nairobi, akarudi anawaona watu wote wa kisiwani washamba, na mshamba namba moja alikuwa nyanya wa mkewe, Dani Nyarangi.

"Hiyo kiti rudisha," Dani alikuwa amemwambia. "Hiyo ni ya Wangwe."

Wangwe alijinyonga zamani. Mti aliojinyongea ulikatwa ukachomwa, kiti chake cha miguu mitatu kikatupwa kichakani kifudifudi, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake, maana mfu wa namna ile ni jachien, pepo mwenye kinyongo. Ukimfungulia mlango anaingia mzimamzima. Dishon alikuwa amekiokota, na hata baada ya onyo la Dani akakipangusa, akakisimamisha juu ya meza ya makumbusho. Wageni wa mradi wa urithi walikuwa wanakuja Ijumaa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu hiyohiyo mwanawe Ken, wa miezi minne, akaanza kulia. Alilia asubuhi, akalia mchana, akakataa titi la mamake, Emmaculate, mpaka utosi ukabonyea. Zahanati hawakuona ugonjwa. Jumatano mchana Emmaculate akamleta makumbusho mgongoni, Dani nyuma yake.

"Dishon, huyu anakufa," Emmaculate alinong'ona. "Wacha Dani amwitie majina."

Kila mtu kisiwani anaijua kazi hiyo: mtoto akililia jina, nyanya humtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na lile atakalonyamazia ndilo lake.

"Majina?" Dishon akacheka. "Majina ninayo hapa, tena yamepigwa taipu!" Akashika orodha ya vitu vyake, akaisoma kwa sauti ya mhubiri. "Chungu cha Mirumbe!" Mtoto analia. "Ngao ya Elkana!" Analia.

"Funga mdomo, wewe!" Dani akamrukia.

"Kiti cha Wangwe!"

Kimya. Kimya hata mabati yakasikika yakitanuka kwa jua, na ile harufu ya kamba mbichi ikapanda kutoka kitini, ikapita mbele ya uso wa Dishon, ikapita mkono wa Dani ulionyooshwa kumziba mdomo, ikaenda ikatua shingoni mwa mtoto, na mtoto akakohoa, kikohozi kizito cha mzee mvuta tumbaku, kisha akatabasamu.

"Umemfungulia," Dani alisema polepole. "Kwa mtoto wako mwenyewe."

Hapo msomi wetu akajua mbio! Akakirudisha kiti kichakani, akakifudikiza, akaichana orodha. Dani akamwogesha mtoto kwa dawa za miti, akamtajia wafu wema mpaka sauti ikamkauka. Kila jina, mtoto alilia hadi midomo ikawa ya buluu. Hata Ken, jina lake mwenyewe, alilikataa.

Ijumaa wageni walikuta kufuli mlangoni. Dishon alikuwa nyumbani, amepiga magoti mbele ya mkewe, dharau zimemwisha, anabembeleza. "Wangwe, mzee wangu, nyonya. Tafadhali, Wangwe."

Mtoto akanyonya. Lakini macho yake hayakumtazama mama wala baba. Yalikuwa juu kwenye boriti, yakiipima taratibu kutoka ukuta hadi ukuta.