Vijitabu Elfu Mbili na Mia Nne

Maboksi kumi na mawili yalikuwa yametoweka.

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, Inspekta Polly Kalmakoff alichuchumaa ndani ya Hema la Maelezo na kugusa nyasi kwa kiganja. Hema lile halikuwa na kuta, hivyo umande ulikuwa umelowesha kila kitu. Palikuwa na miraba sita tu ya nyasi kavu, pale maboksi yalipokuwa yamepangwa mawili mawili.

"Yamechukuliwa baada ya umande kushuka," alisema. "Alfajiri ya leo, si jana."

Roshan Dhaliwal, mwenyekiti wa tamasha, alikuwa akizunguka meza kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa daktari wa meno pale mjini Larchford. Leo alivaa fulana ya zambarau ya viongozi, na nywele zake zilikuwa hazijaona kitana.

"Yalifika lini?"

"Jana saa kumi na moja jioni. Niliyashusha mwenyewe, mgongo bado unalia."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Mwongozo wa mgeni, vijitabu elfu mbili na mia nne. Nani anapiga saa ngapi, chakula kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi, ramani. Kila kitu!"

"Nani alilinda?"

"Afande, hapa hatulindi vitu. Hapa mtu anasahau simu mezani Ijumaa, Jumapili anaikuta palepale, tena imechajiwa."

Inspekta aliandika. Alikuwa na desturi ya kuandika hata yale ambayo hayakuelekea kuwa na maana.

Nje ya uzio foleni ilikuwa imeshaanza, watu wakiwa na maturubai yaliyokunjwa chini ya makwapa, kila mmoja akipania kuwahi nyasi za mbele ya jukwaa lango likifunguliwa saa tisa. Mtu fulani alikuwa anajaribu zumari. Basi lililobeba wapiga ngoma wa Mali na waimbaji wa Peru lilikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege.

Mkuu wa zimamoto, Hank Setter, alifika akiwa na kibali mkononi.

"Mimi si adui wa muziki, Polly. Mke wangu mwenyewe yuko kwenye ile foleni. Lakini kiangazi kilichopita tuliwatoa watu mia tatu kwenye bonde hili moshi wa moto wa msituni ukiwa kooni. Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Kibali kinasema kila mgeni apewe ramani ya njia ya kutokea, ya karatasi, mkononi mwake. Hakuna ramani, hakuna tamasha."

"Una muda gani wa kunipa?"

"Hadi saa tisa kamili."

Nyuma yao kiti cha kukunja kililia. Winnifred Ogilvie alikuwa amekaa. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mkuu wa Hema la Maelezo tangu tamasha la kwanza, miaka ishirini na sita iliyopita, na ramani zote alizichora yeye kwa mkono. Alikuwa na doa jekundu kwenye kidole cha shahada. Alikifunika kwa mkono mwingine.

"Umelala, mama?" Inspekta alimuuliza.

"Usiku wa kuamkia tamasha nani analala, Polly mwanangu?"

Jibu lilikuwa zuri. Inspekta aliliandika.

Mtuhumiwa wa kwanza alijileta mwenyewe. Garth Mackle, mfugaji wa jirani, kila mwaka aliandika barua gazetini kulalamikia ngoma. Alikuja na trekta hadi kwenye uzio.

"Wananitaja mimi, sivyo?"

"Wanakutaja."

"Afande, kama ningekuwa mimi, ningeiba spika. Vitabu vya nini? Vitabu vinapiga kelele?"

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Na ng'ombe. Waulize."

Inspekta aliyatazama makucha ya chuma mbele ya trekta. Mtu mwenye mashine ile angenyanyua maboksi kumi na mawili kwa mkupuo mmoja, na nyasi zingeonyesha. Kwenye nyasi palikuwa na alama nyembamba tu za mkokoteni, zimepita mara nyingi, kwenda na kurudi.

"Rudi kwa ng'ombe wako, Garth. Wasalimie."

Saa nne kasoro, Bastien Thibault alimwita. Bastien alikuwa mkuu wa kikosi cha taka, jitu lenye ndevu lililoweza kumwambia mtu mzima atoe ganda la ndizi pipani na kuliweka linapostahili. Alisimama nyuma ya jiko la wanaojitolea, uso umemlegea.

"Njoo uone, dada Polly. Mwizi wako ni mtu wa maana sana."

Kwenye pipa la karatasi ngumu kulikuwa na maboksi kumi na mawili yaliyofunguliwa, yakakunjwa bapa, yakafungwa kwa kamba. Ndani ya ndoo ya njano mlikuwa na mikanda ya plastiki iliyoyafunga maboksi yale, imeviringwa vizuri kama utepe wa fundi cherehani.

"Mwizi gani anakunja boksi?" Bastien alinong'ona. "Mimi mke wangu hakunji boksi!"

"Mikanda huwa inawekwa kwenye ndoo hii kila mwaka?"

"Hapana. Tulikuwa tunaiweka kwenye pipa la plastiki. Wachukua taka wamekataa, wanasema inanasa kwenye mashine. Ndoo ya njano nimeianzisha jana."

"Nani anajua?"

"Niliitangaza kwenye chakula cha jioni cha viongozi. Wengine wote nitawaambia leo saa nne."

Inspekta alifunga daftari polepole. Kisha akalifungua tena.

"Viongozi mlikuwa wangapi mezani?"

"Watatu tu. Mkuu wa jukwaa alikuwa amekwenda kupokea spika. Mimi, Roshan, na mama Winnie."

"Boksi moja lina uzito gani?"

"Kilo ishirini hivi." Bastien aliinua mabega. "Mimi nabeba mawili kila mkono."

"Ndiyo. Ungekuwa wewe, usingeyafungua."

Bastien alifikiri. Furaha ikamjia kwanza, kisha ikamtoka.

"Basi amebaki Roshan!" alisema. "Dada, yule hataki karatasi! Jana walizozana hapohapo kwenye supu. Roshan anasema mwakani maelezo yote yawe kwenye simu, hema livunjwe. Jumapili wanapiga kura. Mama Winnie aliacha supu yake nusu."

"Usimwambie mtu."

"Na ile ndoo?"

"Ndoo ni kielelezo. Usiiguse."

"Pamoja na mikanda yangu?"

"Pamoja na mikanda yako."

Roshan aliulizwa katika ofisi ya tamasha, kibanda cha mbao chenye meza moja na kiprinta kidogo.

"Ulitaka vijitabu viachwe."

"Mwakani! Siyo leo! Leo vikikosekana mimi ndiye ninayekwenda kuwaambia wale wa Mali wageuze basi!"

"Alfajiri?"

"Nililala kwenye gari. Hakuna shahidi." Alijipiga paji la uso. "Hivi mimi ni mtuhumiwa?"

"Bado unaulizwa tu. Ramani unayo kwenye kompyuta?"

Roshan aliigeukia kompyuta. Kisha akaruka kama aliyekaa juu ya siafu.

"Ninayo! Jamani, ninayo! Winnie! Bastien! Tutachapa ile ramani peke yake! Hiki kiprinta ni kobe, lakini tukianza sasa..."

"Hapana!"

Sauti ya Winnifred ilikata kibanda chote. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Haitatoka vizuri," alisema, safari hii chini zaidi. "Rangi zake. Kwa nyeusi na nyeupe haisomeki. Msiichape."

"Mama Winnie, hatuna kingine!"

"Nimesema msiichape, Roshan."

Kiprinta kilikwishatema karatasi ya kwanza. Inspekta aliichukua. Ilisomeka vizuri kabisa. Jukwaa, vyoo, mabomba ya maji, na mshale mnene wenye neno MOTO.

"Zima mashine," alimwambia Roshan. "Nipe dakika ishirini."

Hakumuuliza mtu kitu. Alisimama katikati ya uwanja, akaigeuza karatasi mpaka mto wa kwenye ramani ukakaa sawa na mto wenyewe, kisha akaufuata mshale kwa miguu. Ukampitisha nyuma ya jukwaa, kando ya miti ya misonobari, kwenye njia ya gari iliyoota majani. Alitembea hatua mia nne. Njia ikapinda mara moja, ikaingia kwenye machimbo ya zamani, ikafika kwenye ukuta wa mwamba wenye urefu wa ghorofa nne.

Hapakuwa na pa kwenda. Aliuweka mkono wake kwenye jiwe. Alifikiria watu elfu mbili nyuma yake, na moshi.

Aliporudi hakukimbia, ingawa miguu ilitaka. Gari-nyumba la Winnifred lilikuwa limeegeshwa hatua hamsini kutoka Hema la Maelezo. Aligonga.

"Mama, ni Polly. Najua barabara kuu iko upande gani, na najua mshale umeelekea wapi. Nifungulie."

Ndani karatasi zilichakacha. Kisha kitasa kikageuka.

Vijitabu vilikuwa kila mahali. Kitandani, ndani ya sinki, juu ya jiko, chini ya picha ya marehemu mumewe. Kwenye meza ndogo kulikuwa na kalamu nyekundu tano, mbili zimekwisha wino. Kijitabu kimoja kilikuwa wazi. Mshale wa zamani umefutwa kwa mistari miwili, mshale mpya umechorwa kuelekea barabara kuu.

"Umefika vingapi?"

"Mia tano na arobaini." Winnifred alinyoosha vidole vyake, havikunyooka vyote. "Nilidhani nitamaliza kabla hawajaamka. Nilipanga niseme nimevikuta kichakani."

"Anza mwanzo."

"Miaka yote ramani yangu naichora kama mtu aliyesimama langoni. Mto uko mbele yako, basi mto unakaa juu. Mshale wa moto unakwenda kulia. Mwaka huu Roshan akasema kaskazini ndiyo ikae juu, ifanane na ramani za simu. Mto uko kusini, basi nikaugeuza ukawa chini. Nikageuza jukwaa. Nikageuza hata vyoo, Polly. Lakini mshale... mkono umezoea. Ukachora kulia tena, badala ya kushoto."

"Na uligundua jana."

"Jana usiku, baada ya chakula. Nilifungua boksi moja kwa furaha tu, kunusa wino."

"Kwa nini hukusema?"

"Jumapili wanapiga kura kuhusu hema langu. Ningesemaje? Kwamba bibi wa ramani amewaelekeza watu ukutani?"

"Hank angefunga tamasha zima, mama. Ulimwona asubuhi."

"Nilimwona. Nikawaza, nichore haraka zaidi." Alichukua kalamu moja, akaifunika kifuniko. "Miaka ishirini na sita watu wananiuliza choo kiko wapi. Maji yako wapi, yule mwenye kinubi anapiga saa ngapi. Siku tatu kila mwaka. Kule nyumbani, tangu Alastair afe, hakuna mtu wa kuniuliza lolote."

Inspekta aliketi juu ya rundo la vijitabu, maana hapakuwa na kiti.

"Vijitabu ulivisainia mwenyewe vilipofika. Vilikuwa mikononi mwako kihalali. Kwenye ripoti nitaandika mali imeonekana. Lakini ulinidanganya usoni, mama. Hilo sitaliandika, ila sitalisahau."

"Sawa, mwanangu."

"Sasa ni saa sita kasoro robo. Utamwambia Roshan wewe, au nimwambie mimi?"

Alimwambia mwenyewe, mbele ya wote, kwenye meza ndefu za jiko. Hakupunguza kitu. Roshan alimsikiliza mpaka mwisho, uso mwekundu, kisha mweupe.

"Mimi ndiye niliyesema geuza," alisema hatimaye. "Na nilipitisha ile ramani bila kuitazama mara mbili." Alinyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Na kura?"

"Kura ipo Jumapili palepale, mama Winnie. Usidhani nimesahau." Alitoa simu mfukoni akaitazama. "Ingawa hii haijashika mtandao tangu jana."

Watu tisini na watatu, viongozi na wanaojitolea, walikaa mezani, vijitabu ishirini kila mmoja. Futa, chora, pitisha. Kalamu zilikopwa hadi kwenye foleni ya nje, zikatupwa juu ya uzio. Basi likafika, na wapiga ngoma wa Mali, walipoambiwa kinachofanyika, walicheka hadi machozi, wakashusha ngoma mbili wakawapigia wachoraji mdundo. Futa, chora, pitisha! Mdundo ulipopanda, mikono ilipanda nao. Bastien alipita nyuma yao na ndoo. "Kalamu iliyokwisha humu! Kifuniko upande huu! Humu, bwana, wewe ni daktari mzima!"

Hank Setter alichukua kijitabu kimoja katikati ya rundo akaufuata mshale kwa miguu hadi barabara kuu. Alirudi saa tisa kasoro dakika kumi, akiwa na jasho.

"Na kila mgeni aambiwe kwa mdomo pia," alisema. "Ana kwa ana."

"Nani atawaambia watu elfu mbili?" Roshan aliuliza.

Wote walikuwa wamekwishageuka kumtazama Winnifred.

Lango lilifunguliwa. Watu walimiminika na maturubai yao, wakapita mmoja mmoja mbele ya yule mama mwenye kidole chekundu, wakapokea kijitabu na maneno. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alifungua ramani yake, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akarudi nyuma dhidi ya umati mzima.

"Samahani, mama. Choo kiko wapi?"

Inspekta Kalmakoff alikuwa karibu, daftari limefungwa. Alimwona Winnifred Ogilvie akivuta pumzi ndefu, kama mwimbaji anayeingia kwenye ubeti wake.