Maji ya Kisima cha Kina Luân

"Kaka, usile hiyo!"

Luân alishtuka nusura aanguke. Soko la Bình Tây lilikuwa limefurika, pikipiki zikipiga honi kila upande, na muuza tambi ndiyo kwanza alikuwa amemmiminia supu ya moto kwenye mfuko wa plastiki. Mbele yake alisimama msichana mwenye koti la mvua la manjano, nywele zimelowa, ameukamata mfuko ule kana kwamba una nyoka.

"Supu ya moto inakamua kemikali kwenye plastiki. Kula kwenye bakuli."

"Kwani wewe ni nani, mke wangu?"

"Sina mkosi kiasi hicho!"

Luân aliangua kicheko. Wakala pamoja, kwenye bakuli.

Aliitwa Nhạn, mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa na unga mweupe ambao ukitiwa majini na kumulikwa kwa taa, huvunjavunja kemikali ya kulainishia plastiki mpaka isidhuru tena. Luân akamwambia anauza vitambaa vya meza. Hakusema kwamba ni vya plastiki, wala kwamba vilitoka kiwandani kwa mama yake.

Simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Kwenye bakuli, daktari wangu."

Mpaka mvua zinakatika, walikuwa hawalali bila kusikilizana. Siku moja Nhạn akamtania, "Wenzako huleta maua. Wewe niletee maji ya kwenu nijaribie taa yangu." Luân akampelekea chupa ya maji ya kisima.

Kesho yake simu ililia.

"Luân, nani anakunywa maji haya?" Nhạn aliuliza.

"Mama. Na dada Thoa, yule mjamzito. Kwani vipi?"

"Nilidhani mashine imeharibika, nimerudia kupima. Yamejaa kemikali ileile! Karibu na kisima kuna nini?"

Luân aliweka chini bunda la vitambaa alilokuwa amebeba.

"Luân?"

"Kiwanda chetu."

"Chenu? Kumbe vile vitambaa..."

"Kumbe ulinipenda ili utuchunguze!"

"Mimi? Nani kamdanganya mwenzake?"

Luân akakata simu, akakimbilia nyumbani. Thoa alikuwa anapeleka glasi mdomoni. Luân aliipiga kwa mkono, ikapasuka ukutani.

"Una wazimu?" mama yake alifoka.

Luân alikimbilia kiwandani hapo jirani, akazima mashine zote, akafukua sakafu kando ya tangi la kemikali pamoja na wafanyakazi. Tangi lilikuwa na ufa, na udongo chini yake ulikuwa unateleza kama umemwagiwa mafuta. Mama, aliyekuwa amemfuata, aliketi palepale, mkono mdomoni. "Nimemnywesha mwanangu kwa mikono yangu."

Luân akapiga simu. "Nhạn, ulisema kweli. Nisamehe."

Upande wa pili funguo za pikipiki zililia. "Nimejaribu kukuchukia, mjinga wewe. Nimeshindwa. Nakuja."

Alifika na taa na unga wake kwenye pikipiki.

"Itasafisha kisima?" Luân aliuliza.

"Inasafisha ndoo, mpenzi. Kisima msikiguse kwa miaka. Na Thoa aende hospitali leo hii."

Mama yake Luân alijitokeza mlangoni, macho yamevimba. Alimkagua msichana yule kuanzia viatu hadi nywele.

"Binti, umefuata maji au umemfuata mwanangu?"

Nhạn alishusha taa kutoka kwenye pikipiki. "Vyote viwili, mama."

"Basi harusi baada ya Thoa kujifungua. Sasa washa hiyo taa."

Luân alikwenda kuleta ndoo ya maji. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.