Pumzi Chini ya Wimbo

Jirani yetu, tuliyemzoea kwa jina la Masikio, alikuwa akitengeneza muziki wa dansi kwa kompyuta katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yake. Jumamosi hiyo jua liliwaka vizuri. Mama alikuwa anaanika nguo, na Masikio anaongea na DJ kwenye simu.

"Kaka, wimbo wako umekonda," DJ alicheka. "Ulishe bwana, ukifika ukumbini utapeperushwa na feni."

Akaulisha. Juu ya besi akaweka besi nyingine, nzito zaidi. Kinanda kimoja akakifanya vitatu: kulia, kushoto, na cha tatu mbali nyuma kama kinapigwa nyumba ya pili. Akapunguza hapa, akaongeza pale. Wapi! Katikati ya wimbo mlikuwa na shimo, na kila alichotia kilidumbukia humo.

Ndipo akakumbuka sauti iliyokuwa kwenye simu yake.

Dada yake mkubwa alikuwa na pumu. Siku aliyofariki, peke yake katika chumba alichopanga, alimpigia mdogo wake. Masikio aliona jina, akailaza simu kifudifudi. Alikuwa kazini, anachanganya wimbo. Baadaye akakuta ujumbe wa sauti usio na neno hata moja. Kuhema tu. Akamwambia mama kwamba simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji, na uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa aliichukua pumzi ile. Akaivuta ikawa ndefu, akaishusha ikawa nzito, akailaza chini ya vinanda vyote. Wimbo ukajaa, ukajaa mpaka vioo vya dirisha vikanguruma. Alijiona kama mtu aliyeiba kaburini, na bado akaurudia kuusikiliza.

Mama akasimama mlangoni, shuka mbichi begani.

"Nani huyo anahema?"

"Ni kinanda tu, mama."

"Kizime."

Akazima. Muziki ukakatika. Kuhema hakukukatika.

Akachomoa waya wa spika ya kulia. Wa kushoto. Akazima umeme ukutani. Kimya. Na ndani ya kimya hicho mtu alikuwa anavuta hewa kwa shida. Polepole. Kule pembeni ya chumba, kwenye kijichumba cha kurekodia, chenye mlango wa kioo, kilichofungwa komeo kwa nje.

Kisha likaja neno, la kunong'ona.

"Pokea."

Shuka ikaanguka. Mama aliijua sauti ya bintiye.

"Upokee nini?" akanong'ona. "Mwanangu, anataka upokee nini?"

Masikio alitaka kusema tena habari ya chaji. Badala yake akainamisha kichwa, akalia, na mama akamtazama mpaka akaelewa bila kuambiwa. Nyuma ya kioo kuhema kukapungua. Kukawa kwembamba kama uzi. Kukakoma.

Masikio aliufuta wimbo, akauza mitambo yote. Mama hakumfukuza. Ila hajamwita mwanangu tena.

Mlango wa kioo haukupata mnunuzi. Una doa la ukungu, usawa wa mdomo wa mtu mzima. Wameufuta nje, wameufuta ndani. Hautoki. Ukisimama mbele yake mchana kweupe, utauona ukungu huo unatanuka kidogo, halafu unanywea.

Unatanuka, halafu unanywea.