Hodi ya Mchezaji wa Pili

Haya yalimpata shemeji yangu Didas, mume wa dada yangu Avelina, huko Goba. Kila ninayemsimulia huniuliza kwanza ilikuwa saa ngapi za usiku. Haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, jua linawaka, na jirani wao alikuwa anaanika nguo huku akiimba.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Ubungo. Nina chumba kimoja, meza moja, kiti changu, kigoda cha wateja pale karibu na mlango, na huo mlango nimeuandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: FUNDI DEO. KARIBU, INGIA BILA HODI. Niliandika kwa ajili ya watu kama Bi Shirinbai, mama mmoja Mhindi mwenye adabu za kupitiliza, ambaye husimama nje na blenda yake akibisha mpaka aitikiwe, nami nimeinamia waya siwezi kuinua kichwa. Hata baada ya kuandika, bado anabisha. Nilipomwonyesha maandishi alinicheka.

"Mlango haukaribishi mtu, fundi. Mtu ndiye anakaribisha."

Basi, Didas. Ni mwalimu wa hisabati, ana miaka arobaini na miwili, ana mke na binti, na mwaka huu akaamua kutengeneza mashine ya gemu kama zile alizocheza utotoni, za kusimama na kugonga vitufe. Nilimtania sana. Mtu mzima hovyo, nilimwambia, wenzako wanajenga banda la kuku. Akacheka mpaka akakohoa, maana ana pumu tangu mtoto, na dawa yake ya kupuliza ndiyo kitu anachokisahau kila anapokwenda.

Ubao wa vitufe aliukata kwenye mlango wa zamani, mninga mtupu, alioupata kwa wauza mbao za nyumba zilizobomolewa barabarani. Nusu ya alama ya X nyekundu, ile inayopakwa nyumba za kubomolewa, ilikuwa bado ipo. Nilimuuliza nyumba ilikuwa ya nani, akasema hakuuliza.

"Ila ulipigwa misumari kwa ndani, shem. Nimeng'oa kumi na tisa."

Sikutilia maanani. Siku hiyo ya Jumamosi, Avelina na binti yao walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Didas aliingia stoo, akaacha mlango wazi, akanipigia simu ya video, akaiegemeza ukutani nione kazi. Nikamfundisha kama ninavyomfundisha yeyote anayeanza. Kila kitufe kina miguu miwili. Mguu mmoja unatoa waya wake kwenda kwenye bodi ndogo, kila kitufe na tundu lake. Mguu wa pili unapokea waya mweusi, na huo ni mmoja tu: unaruka kutoka kitufe hadi kitufe mpaka vyote vishikane, ndipo unaingia kwenye bodi. Ukiukata mahali pamoja, vya mbele vyote vinakufa. Mwalimu alinisikiliza kwa utiifu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Akamaliza vitufe sita vya mchezaji wa kwanza. Waya ukamwishia. Vile sita vya mchezaji wa pili akavichomeka tu kwenye matundu ya ubao, bila waya, vikakaa kama pambo. Akaunganisha bodi na laptopu tujaribu. Kwenye kioo kulikuwa na vidoa viwili vikubwa, kimoja kwa kila mchezaji. Ukibonyeza, chako kinawaka.

Akabonyeza. Kikawaka cha kwanza. Alifurahi, akapiga makofi.

Halafu kikawaka cha pili. Mara tatu. Taratibu.

"Umegusa nini?" nikamuuliza.

"Sijagusa. Na hivi havina waya, shem, si unaona?"

Akaugeuza ubao kwenye kamera. Kweli. Vitufe sita, miguu kumi na miwili, haina hata unywele wa waya. Akaurudisha. Tukasubiri. Kikawaka tena mara tatu, na safari hii nikakisikia kitufe chenyewe kikibonyea. Ka. Ka. Ka.

Hapa ndipo ninapojilaumu. Fundi akikosa jibu hufanya mzaha, na mimi mzaha hauniishi. Nilicheka, nikapaza sauti kwenye simu:

"Mtu amebisha hodi mara tatu, mwalimu, na wewe umenyamaza? Mwenye adabu humwitikia. Karibu! Pita ndani, kaa, jisikie nyumbani!"

Nikasikia mlango wa stoo ukijifunga.

Didas aligeuka kuutazama. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki, chake na cha mchezaji wa pili. Kile cha pili kilikuwa ukutani. Sikukiona kikisogea, lakini nilisikia miguu yake ikikwaruza saruji, na nilipotazama tena kilikuwa katikati ya Didas na mlango.

"Shem," akanong'ona. "Njoo."

Simu ikakatika.

Nilifunga chumba changu cha kazi kwa kufuli, nikachukua bodaboda, na dereva nilimsumbua njia nzima. Nilipofika Goba geti lilikuwa wazi. Jirani akanisalimia, nguo mkononi, nikampita bila kujibu. Dawa ya Didas ilikuwa mezani sebuleni, kama kawaida yake. Niliichukua, nikakimbilia stoo nyuma ya nyumba.

Mlango wa stoo ni wa bati na hauna hata kitasa, unafungwa na kamba. Nikausukuma. Ukaingia ndani kidogo, ukarudi polepole. Nikausukuma kwa bega. Ukarudi vilevile. Bati lilikuwa la uvuguvugu, na mahali pamoja, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa, lilikuwa baridi.

Nikaenda dirishani. Nondo, kisha wavu wa mbu. Ndani, Didas alikuwa amekaa mbele ya ubao, mkono kwenye vitufe vyake, jasho linamtiririka. Kiti cha pili kilikuwa kimegusana na chake, mgongo wake umegota mlangoni. Bega lake la kushoto lilikuwa limeinama, kama la mtu anayeegemewa. Bati la paa lilikuwa linaoka joto, na nilisikia kifua chake kikipiga mluzi.

"Didas, inuka."

"Nikiinuka anasogea."

"Nani?"

Ka, kikasema kitufe cha mchezaji wa pili. Didas naye akabonyeza chake haraka, kwa woga.

"Nikiacha kucheza hewa inapungua," akanong'ona.

Nilichana wavu kwa bisibisi, nikaitupa dawa ndani. Ikaanguka sakafuni, hatua moja kutoka mguuni pake. Alinyoosha mkono. Kiti kikakwaruza. Mguu wa kiti ukaja ukakaa juu ya dawa, ukatulia hapo.

Midomo ya shemeji yangu ilikuwa inageuka rangi. Nilimwona akilini dada yangu akirudi na binti yake, wamevaa sare za kwaya, nami nasimama kwenye hilo dirisha. Nilitaka kulia. Nikaomba Mungu. Nikatukana. Nikamwamuru huyo asiyeonekana atoke. Kila nilipomfukuza, mluzi wa kifua cha Didas ulizidi kuwa mwembamba.

Ndipo nikakumbuka nilivyolelewa. Mgeni hafukuzwi. Na asiyemkaribisha hana la kumwambia. Didas hakuwa amesema karibu hata mara moja. Niliyesema ni mimi.

Nikashika nondo.

"Mgeni," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo. "Huyo si mwenyeji wako. Aliyekukaribisha ni mimi, Deo. Umekosea nyumba. Mwache huyo, uje kwangu."

Hata jirani alikuwa ameacha kuimba.

Ka.

Mara moja tu, kama mtu anayesema sawa. Kiti kikasogea pembeni. Mlango wa stoo ukafunguka wenyewe, polepole, na kitu cha baridi kikanipita ubavuni kwa heshima zote, kama apitavyo mtu kwenye uchochoro akiogopa kukukanyaga.

Didas alipona. Alivuta dawa mara nne, akalala sakafuni, akalia. Ule ubao tuliuchoma mchana uleule, na Avelina aliporudi tulimwambia waya zilishika moto. Nikaenda zangu nyumbani nikiwa na mpango wangu, maana nami si mjinga. Nilisema aje, sikusema aingie. Amezoea adabu, atabisha. Nami sitamwitikia mpaka achoke. Mke wangu, Vaileth, nilimwapisha: wiki hii yote, mtu akipiga hodi, hakuna kusema karibu, awe mchungaji, awe mama yako.

Jumapili nzima tulikaa tumenyamaza. Hakuna aliyebisha. Nilianza kujicheka.

Jumatatu asubuhi nikaenda kazini. Nikatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa zima, kama nilivyoliacha Jumamosi. Nikainua macho kwenye mlango wangu, kwenye maandishi yangu mekundu, nikayasoma kana kwamba yameandikwa na adui.

Ndani, kigoda cha wateja hakikuwa karibu na mlango. Kilikuwa kando ya kiti changu, vimegusana.

Maandishi nimeyakwangua kwa msasa mpaka mbao ikatoka unga. Haijasaidia, aliyekwisha kuingia habishi tena. Kigoda nimekitupa nje mara mbili jioni nikifunga, na asubuhi nimekikuta ndani, kando ya kiti changu. Nafanya kazi, namuacha akae. Mawazo yangu yanafika mpaka mlangoni, miguu haifiki: nikiinuka kabla jua halijashuka, kigoda kinakwaruza, na hewa inakuwa nyembamba. Jioni huniruhusu nikalale. Asubuhi, nikichelewa, kifua changu, ambacho hakijawahi kuugua, huanza kupiga mluzi. Kumtuma kwa mwingine ninaweza, najua maneno. Nimempitisha kichwani kila mtu ninayemfahamu, na sijampata wa kumpa.

Jana alikuja Bi Shirinbai na blenda yake. Mlango ulikuwa wazi. Akabisha, kama kawaida yake. Sikuitikia. Akabisha tena. Nilitaka kumwambia akimbie, nilitaka kumwambia aniitie watu, lakini bega langu la kushoto lilikuwa limeinama na pumzi haikutosha kwa maneno.

Akachungulia. Akatazama kiti changu, kisha akatazama kando yangu, akarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa kwa salamu.

"Samahani, fundi," akasema. "Kumbe una mgeni. Nitapita kesho."