Kiti cha Katikati

Kamera ya Bi Cheka ilikuwa na tabia moja njema: ikiona uso wa mtu, inauchorea mraba mdogo wa kijani kwenye kioo chake. Asubuhi ile, sebuleni kwa watu, ilimchorea baba, ikamchorea mama, ikakichorea kichanga alichokipakata, ikamchorea na Kijiko, mtoto wao mkubwa, aliyejificha chini ya meza. Kisha ikachora mraba wa tano, juu ya kiti kitupu.

Bi Cheka akafuta lenzi kwa kitambaa, akatazama tena. Bado ni mitano. Lakini mtu aliyepiga picha za vichanga majumbani kwa miaka kumi na moja hatishwi na kamera iliyochoka, akajisemea kwamba jioni ataipeleka kwa fundi.

Jina lake hasa watu walishalisahau. Walimwita Bi Cheka kwa sababu alichekesha hata watoto wenye homa, na wa leo alihitaji sana kuchekeshwa. Kijiko alikuwa na miaka miwili na nusu. Alipewa jina hilo kwa kuzurura kutwa na kijiko cha chai mkononi, akilisha kila alichokutana nacho: mdoli, ndoo, viatu, na kuliko vyote baba yake, ambaye hakuwahi kukataa tonge la hewa. Leo hakulisha mtu. Alijikunyata chini ya meza, macho kwenye kile kiti.

"Mwanangu, njoo upige picha na mdogo wako," mama akambembeleza.

"Pana mtu."

"Wapi?"

"Pale. Ananuka."

Mama akacheka. Alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke hospitali nusu mfu, na tangu hapo kila kitu ama kilimchekesha ama kilimliza. Lakini harufu ilikuwepo kweli, ya udongo uliotoka kumwagiwa maji, na nyumba nzima haikuwa hata na chungu cha ua.

"Usimvute," Bi Cheka akasema. "Wa umri huu ukimvuta, picha imekwisha. Mtu mzima akae kwanza, mtoto amwone, atafuata mwenyewe. Hiyo dawa haijawahi kunishinda." Akafungua simu yake. "Ila Baba Kijiko katuma maagizo marefu, ngoja niyasome nisije nikakosea. Mtoto mkubwa akae peke yake kiti cha katikati. Mama amkalishe kwa mkono wake, si mtu mwingine. Akimkalisha amwambie, 'Kaa, hapa ni pako.' Shemeji, mbona kazi unaiweza kunishinda!"

Baba hakucheka. Kiti hicho alikileta juzi mwenyewe, akakikalia mbele ya mkewe kuonyesha kilivyo imara, wala hakusema kimetoka wapi. Mama akamtazama. Mwanamume huyu hajawahi kuchagua hata rangi ya pazia.

"Dada, nishikie mtoto kidogo," akamwambia Bi Cheka, akamshika mumewe mkono mpaka jikoni.

"Kile kiti cha nani?"

"Punguza sauti. Kitasikia."

"Nani atasikia?"

Mume akafungua bomba ili maji yafunike maneno yake, akaanza kumweleza, mdomo karibu na sikio lake, jinsi daktari alivyotoka akamwambia aandae moyo maana mama na mtoto wote wanakwenda, na jinsi mtu asiyemjua alivyokuja kukaa naye kwenye benchi la varanda, mtu aliyenuka udongo uliolowa, asiye na kivuli chini ya taa ile kali, akamwambia kwamba wote wawili watarudi nyumbani ikiwa atapewa mmoja badala yao, akabidhiwe kitini kwa mkono wa mama na kwa kauli ya mama, kabla wiki ya tatu haijaisha.

"Na wiki inaisha leo," akamalizia.

Mama akafunga bomba. "Kilisema kinataka mtoto?"

Mume akachukua kikombe kisafi, akaanza kukifuta.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Kilisema mmoja wa nyumba hii."

"Na Kijiko, nani aliyemtaja?"

"Mimi."

"Na jina lako lilikukwama kooni?"

"Nilikuchagua wewe, mke wangu. Nilikuokoa."

Mama aliumia kuliko alivyoumia kwenye kitanda cha kujifungulia. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, naye nguo hiyo alikuwa ameifua na kuipiga pasi miaka sita. Kutoka sebuleni kiti kikalia kwa uzito, kama mtu aliyechoka kukaa anapobadili upande. Kisha wakamsikia Kijiko.

"Sitaki pipi. Sitaki."

Bi Cheka hakuwa na pipi.

"Kisipopewa?" mama akanong'ona.

"Kinawachukua nyote watatu."

Mama akafuta macho kwa kiganja. "Basi twende tukamalize."

Mume akashusha pumzi. Hilo ndilo ambalo mama hakuja kulisamehe: kwamba alishusha pumzi, mabega yakamlegea, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha leo.

Sebuleni harufu ilikuwa imezidi. Mama akapokea kichanga chake. "Dada, huyu bado anaogopa. Tufanye ile dawa yako. Baba yake akae kwanza, amwone."

"Sasa umesema! Karibu kitini, shemeji."

Mume akasita. Lakini alishakikalia juzi, hakikumdhuru, maana bila mkono na kauli kiti ni kiti tu. Tena Bi Cheka alikuwa anatazama. Akakaa kwa tako moja. Mama akakizunguka kiti, kichanga begani, akasimama nyuma yake, na ule mkono mmoja uliobaki mtupu, mkono uliomshonea vifungo, uliompakulia, uliomfinya kwa furaha siku Kijiko alipoota jino la kwanza, akauweka begani mwake na kumkandamiza chini mpaka akakaa sawasawa.

"Kaa," akasema taratibu. "Hapa ni pako."

Mume akageuza shingo. Akamtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuumia. Kamera ikalia.

Harufu ikakatika. Mume akasimama, akajinyoosha, akatabasamu kwa meno yote. "Asante, dada. Leo nimependeza?" Sauti ilikuwa yake. Kisha akamnyooshea mkewe mikono. "Nipe mtoto nimbebe."

Mama akarudi nyuma hatua mbili. Bi Cheka akainamia kamera yake. Alikuwa anahesabu kwenye kioo: mraba kwa mama, kwa kichanga, kwa Kijiko, na wa nne juu ya kiti kitupu. Mwanamume aliyesimama katikati ya chumba hakuwa na mraba.

Kijiko akatoka chini ya meza. Akampita yule mwanamume kama anavyopita kabati, akaenda mpaka kwenye kiti, akasimama kwa vidole vya miguu na kuinua kijiko chake hewani.

"Baba, kula."

Na mama akasikia waziwazi kijiko kikigonga meno.