Harufu ya Kitunguu Saumu Karakanani

Jua lilikuwa linazama Mama Bati alipofungua karakana, akiwa na kazi ndogo tu: kutengeneza dawa ya kulehemu mifereji ya kesho. Unamimina asidi kwenye bakuli la udongo, unailisha vipande vya zinki kimoja kimoja, inatokota bila moto mpaka ishibe. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha, ameketi kwenye kiti chake akikohoa, na dirisha walilifunga, maana upepo, kwa imani yake, huharibu dawa.

Akatumbukiza kipande cha kwanza. Sss...

Kitunguu saumu.

Hakuna aliyekuwa akipika. Harufu ilipanda, nzito, ikamzunguka shingoni. Ndiyo ileile iliyokuwa ikiganda kwenye shati la mumewe kila jioni, mpaka juma lile alipokojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, akageuka manjano, akafa. Mtaa mzima ulisema amefanyiwa uchawi. Sasa wateja wakiinusa wanabeba ndoo zao na kwenda zao, na karakana hii ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe watatu.

Mlangoni palikuwa na mtu.

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameshika kufuli jipya.

"Unaisikia mwenyewe," alinong'ona. "Kaka hataki mwanamke ashike nyundo yake. Nipe ufunguo, shemeji."

"Nyundo hii alinishikisha yeye. Kama amebadili mawazo aje aniambie, asikutume wewe."

"Atakuua."

"Basi utakuja kufunga siku hiyo. Leo bado."

Shemeji aliondoka ameziba pua. Mama Bati alijifanya jasiri mpaka shemeji alipopotea kwenye kona, kisha akatoka nje, kichwa kinamgonga. Hapo ndipo mwalimu wa sayansi alipomkuta, amefuata karai lake. Mwalimu alinusa kutoka mlangoni, akakataa kuingia.

"Hiyo zinki umeitoa wapi?"

"Gunia la marehemu. Chakavu, alilipata kwa bei poa."

"Usiiguse tena, mama. Zinki chafu, yenye aseniki ndani yake, ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu, na inanuka hivihivi. Inaharibu damu. Na nyinyi mlikuwa mnafunga dirisha?"

 Mama Bati aliketi chini hukohuko nje akalia kwa hasira, maana mumewe hakurogwa na mtu. Alijifungia na kifo chake kila jioni, akidhani anatunza dawa.

Mwalimu alitafuta watu wanaojua kushughulikia sumu, wakaliondoa gunia. Mama Bati akanunua zinki safi, akafungua dirisha wazi, akatumbukiza. Akanusa mara tatu. Hakukuwa na kitunguu saumu. Akacheka peke yake kama mwehu, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Siku ya tano, jioni, alikuwa akikunja ukingo wa ndoo. Asidi ilikuwa kwenye dumu lake, imefungwa. Bakuli lilikuwa kavu, limefunikwa rafuni.

Harufu ikaja.

Akaacha kukunja. Ubao wa dirisha ukaanza kusogea... polepole... bila upepo. Komeo likaanguka mahali pake.

Ta.

Nywele zilimsimama. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, sauti anayoijua, ya upole, kama siku zile za kumfundisha:

"Upepo... utaharibu dawa."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Marehemu hakujua kilichomuua, na alikuja kumsaidia.

Mama Bati alichukua patasi na nyundo. Alijigonga kidole, lakini hakuacha. Aling'oa bawaba ya kwanza, akang'oa ya pili.

"Nilikupenda," alisema bila kugeuka. "Na ulikosea."

Akausukuma ubao, ukaanguka nje kwa kishindo. Hewa baridi ya jioni ikaingia, ikapeperusha vumbi la bati sakafuni.

Harufu haikuondoka.

"Ukitaka kukaa, kaa. Lakini hapa ndani hakuna dirisha la kufunga tena, wala mtu wa kulifunga."

Akavuta ndoo yake akaendelea kugonga. Nyuma yake, kwenye kiti cha marehemu, mtu akaanza kukohoa.