Prosesa Yenye Harufu ya Dawa ya Meno

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya kamati nzima ya ununuzi, mwalimu wa kompyuta, Tupokigwe, alibonyeza swichi ya kompyuta ya majaribio. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Akazima, akawasha tena. Nyeusi.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Jumatano tu, katika maabara hiyo hiyo ya Chuo cha Ufundi Mkaramu, Tegeta, alikuwa amemaliza kuitathmini. Kamati ilitaka kujua jambo moja: prosesa yenye grafiki ndani yake, yaani inayotoa picha yenyewe, inaweza kubeba masomo yote bila kuongezewa kadi ya grafiki? Tupokigwe aliisulubu kwa saa tano. Aliichoresha majengo ya ghorofa, akaichezesha video tatu kwa mpigo, akawa anapima joto lake kila robo saa. Ilifaulu vizuri. Ripoti ya kurasa saba ilikuwa mezani, na ndani yake namba ya prosesa, aliyoinakili kwa mkono wake kabla ya kuifunika kwa feni.

Kikao kilikuwa kimepangwa kufanyika Jumatatu. Asubuhi ya Ijumaa hiyo mkuu wa chuo, Madam Kokushubila, alikuwa amekiwahisha kwa sababu ya safari, na sasa alimgeukia muuzaji.

"Bwana Matar, umetuletea feki."

"Feki?" Matar aliruka kama aliyekalia moto. "Madam, duka lile kalifungua babu yangu. Nije kulichafua kwa prosesa moja?"

Mwalimu wa video, Brightson, alikuwa kimya mwisho wa meza. Hilo lilikuwa jambo geni. Katika kikao cha mwezi uliopita aliongea yeye tu: kwamba prosesa ya kompyuta yake haina grafiki hata chembe, anategemea kadi, na kadi ndiyo mpango mzima.

Tupokigwe hakupoteza muda kubishana. Alichukua bisibisi, akafungua kasha, akang'oa feni iliyokaa juu ya prosesa. Harufu ya mnanaa ikampiga puani.

"Hii ni dawa ya meno," alisema.

Mafundi wa uchochoroni huipaka wakikosa pesti ya kupitisha joto. Yeye alikuwa ametumia pesti ya kijivu, na kopo lake lilifungiwa kwenye droo yake. Alifuta ule weupe, akasoma namba. Haikuwa ile ya kwenye ripoti.

"Imebadilishwa. Aliyefanya hivi alikuwa na dawa ya meno karibu."

Laiti angeumeza ulimi. Macho yote yalikimbilia dirishani, kwenye kibanda cha mlinzi, ambako mswaki na dawa ya meno vilikuwa vimeegemezwa ndani ya kikombe. Mlinzi Nassibu ndiye aliyelala pale chuoni, na ndiye aliyetunza ufunguo wa maabara. Madam Kokushubila alimwita, akamuuliza kama dawa ile ni yake. Akakubali, akavuliwa mkanda na kofia ya kazi palepale mbele ya kamati. Simu ikapigwa kituoni, polisi wakasema watafika saa nane mchana.

Tupokigwe alimkuta Nassibu kibandani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila mkanda wala kofia.

"Shikamoo, mzee Nassibu."

"Marahaba, mwalimu." Hakuinua uso. "Unajua mie nilishakaaga mahabusu ya Segerea miezi minne? Kwa wizi wa nyaya za shaba ambazo hata rangi yake sijaiona. Kesi ikafutwa, wakanambia nenda. Narudi nyumbani, chumba kina mpangaji mwingine, mke kashaenda kwao. Mara hii sitarudi kuanza upya. Sina umri huo."

Iliyomtia mashakani ni kauli ya Tupokigwe mwenyewe, tena mbele ya watu. Alijichukia kwa hilo. Akaangalia saa: saa nne kasoro dakika kumi. Aliapa kwamba saa nane isingemkuta amekaa.

Alianza na daftari la kuandikisha wanaochukua ufunguo wa maabara. Tangu Jumatano jioni walikuwa wameingia wawili tu, wote Alhamisi: Matar saa kumi kamili, kuleta karatasi za waranti, na Brightson saa kumi na moja na nusu, kuchapa mtihani.

"Niliingia na karani Rosalia, nikatoka naye," Matar alisema kwa uchungu. "Dakika tano. Muulize. Halafu fikiria, sista. Mtu anayetaka kuuza kompyuta ishirini anaiharibu ile ya kuonyeshea?"

Rosalia alithibitisha. Matar akatoka kwenye hesabu.

Tupokigwe alirudi maabara, akaifunga upya prosesa ile ngeni kwa pesti yake. Stoo kulikuwa na kadi kuukuu ya grafiki. Akaichomeka, akahamishia waya wa skrini kwenye kadi, akawasha. Picha ikaja palepale, safi kabisa.

Alikaa chini na kufikiri. Kumbe prosesa ile ilikuwa nzima. Haikuwa na grafiki ndani, basi, na bila kadi isingeonyesha kitu. Mwizi wa kwenda kuuza angeacha tundu tupu, au angetia takataka. Huyu alikuwa ameacha kitu kizuri, chenye nguvu zinazokaribiana na ile aliyoichukua. Nani anatupa prosesa nzima namna hiyo? Yule ambaye haimsaidii tena. Na haiwezi kumsaidia mtu ambaye kadi yake imekufa.

Nassibu hakuwa na kompyuta. Hata simu yake ilikuwa ya kitochi.

Alirudi kibandani karibu anakimbia.

"Mzee, dawa yako ya meno, kuna mwingine aliyeishika?"

"Ticha Brightson aliniomba jana jioni. Alisema katoka kula mishikaki, ana kikao na wateja, mdomo unanuka."

"Mbona hukusema mbele ya Madam?"

"Nimeulizwa dawa ni yangu? Ni yangu. Hakuna aliyeniuliza lingine."

Saa saba na dakika ishirini, Tupokigwe aliingia studio ya Brightson, pale pale chuoni, akiwa na Madam Kokushubila, Matar na Nassibu. Kwenye skrini bibi harusi alikuwa anakata keki.

"Karibuni jamani," Brightson alisema. Tabasamu lake lilikuwa limechelewa kidogo. "Kuna ishu gani?"

"Kadi yako ya grafiki inaendeleaje?"

"Iko poa. Si unaona picha?"

"Picha naiona." Tupokigwe alizunguka nyuma ya meza. "Waya wa skrini umeuchomeka juu, kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Matundu ya kadi huwa yale ya chini, na pale kwako pana uwazi mtupu. Ulituambia prosesa yako haina grafiki hata chembe. Sasa hii keki inatoka wapi?"

Brightson aliinuka, akasimama mbele ya kasha.

"Fungua kasha, Brightson. Au nikufungulie?"

Alifungua mwenyewe, akang'oa na feni. Harufu ya mnanaa ilikuwa ile ile. Tupokigwe alifuta, akaisoma namba kwa sauti, na Madam Kokushubila akaifuata kwa kidole kwenye ripoti. Ilikuwa yenyewe.

"Kadi iliungua juzi," Brightson alisema, macho sakafuni. "Video ya harusi natakiwa kuikabidhi Jumapili, na nilishawaapia wenye harusi. Nikajua tathmini imekwisha, mashine imefunikwa mpaka Jumatatu. Naapa sikuiba, Madam. Nilikuwa nairudisha Jumapili jioni, wala hakuna ambaye angejua."

"Na mie Jumapili jioni ningekuwa wapi, ticha?" Nassibu aliuliza.

Hakupaza sauti.

"Kuazima bila ruhusa ningekuelewa," Tupokigwe alisema, na hasira aliyoibeba tangu asubuhi ikatoka yote. "Lakini ulikaa kwenye kiti, ukamtazama mtu mzima akivuliwa mkanda kwa kosa lako, ukanyamaza. Kisha ukaja hapa kuhariri video. Hilo silielewi, na sitalielewa."

"Nilitaka kusema. Nilikuwa natafuta muda mzuri."

Nje, honi ililia getini mara mbili. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Wote wakamtazama Madam Kokushubila. Naye akamgeukia Nassibu.

"Mzee Nassibu," alisema, "nimekukosea sana. Hao wamekuja kwa simu yangu. Ukisema niwarudishe, nawarudisha, tuyamalize humu ndani."

Nassibu alimtazama Brightson. Honi ikalia tena.

"Asubuhi mie hakuna aliyeniuliza kama tuyamalize ndani," alisema, akageuka kwenda kuwafungulia polisi geti.